Kwa nini samaki hufa kwenye nyuzi 33 ilhali protini zake hazijapikwa?

Mwalimu Darasani ameuliza:

Salamu kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na swali ninalolileta limetokana na tukio ambalo bado linanisumbua moyoni. Darasani tuna tangi la lita 120 lililokuwa na samaki dhahabu sita, ambao kwa miezi mingi wameishi katika maji ya nyuzi 22 za Selsiasi. Usiku mmoja kidhibiti joto kilikwama, hita ikaendelea kuwaka hadi asubuhi, na nilipofika kipimajoto kilionyesha nyuzi 33. Samaki wawili walikuwa wamekwisha kufa. Wanne waliobaki walikuwa wamejipanga chini kidogo ya uso wa maji, vichwa vimeelekea juu, midomo ikifunguka na kufumba bila kituo, na vifuniko vya matamvua vikipiga haraka kiasi kwamba sikuweza kuvihesabu. Mmoja wao alikuwa akilala ubavu, anajiinua, kisha analala ubavu tena.

Nilizima hita na kuyaacha maji yapoe yenyewe. Wanne hao wako hai, lakini walikataa chakula kwa siku tano, na wiki moja baadaye wawili wameota utando mweupe kama pamba kwenye mapezi.

Miaka yote nimewaambia wanafunzi kwamba joto kali huua kwa sababu huharibu umbo la protini, na nimekuwa nikiwaonyesha ute wa yai unavyoganda juu ya moto. Safari hii mwanafunzi mmoja alinyoosha mkono akasema kwamba ute wa yai hauanzi kuganda mpaka joto likaribie nyuzi 60. Sasa samaki hawa walipikwa na nini kwenye nyuzi 33? Sikuwa na jibu. Pampu ya hewa ilikuwa ikifanya kazi usiku kucha, kwa hiyo sioni kama walikosa oksijeni. Isitoshe, nasoma kwamba kuna mijusi wa jangwani wanaokimbia huku miili yao ikiwa na nyuzi 40, na hao nao tunawaita wanyama wa damu baridi. Naomba kueleweshwa ni kitu gani hasa hushindwa kwanza katika mwili wa mnyama wa aina hii joto linapozidi, na kama baridi nayo huua kwa njia iyo hiyo.

Matamvua amejibu:

Mwalimu, pole kwa kuwapoteza samaki wale. Nianze na pampu, kwa sababu hapo ndipo wengi hukosea. Pampu haiyapi maji oksijeni kupita kiwango ambacho maji yenyewe yanaweza kubeba. Inayasaidia tu kufikia kiwango hicho, na kiwango chenyewe hushuka kadiri joto linavyopanda. Maji yasiyo na chumvi, yakiwa yameshiba hewa kwenye nyuzi 22, hubeba takriban miligramu 8.7 za oksijeni kwa lita. Kwenye nyuzi 33 hubeba takriban 7.2. Samaki wako walipoteza karibu sehemu moja ya sita ya oksijeni yao, pampu ikiwa inafanya kazi yake sawasawa.

Tazama sasa upande wa mahitaji. Samaki hana namna ya kuzuia joto la maji lisiingie mwilini, kwa maana damu yake yote hupita kwenye matamvua, ambako inatenganishwa na maji na ngozi nyembamba mno, na joto hupenya hapo kwa urahisi kuliko hata oksijeni. Ndani ya dakika chache damu ina joto la maji. Kwa kawaida kasi ya michakato ya kikemia katika mwili wa mnyama wa damu baridi huongezeka mara mbili hadi tatu kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Kutoka 22 hadi 33 ni nyuzi 11, na hiyo ina maana kwamba samaki wako, hata akiwa ametulia tuli asifanye lolote, alihitaji zaidi ya mara mbili ya oksijeni aliyohitaji jana yake. Tena hemoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, hushika oksijeni kwa ulegevu zaidi damu inapopata joto, jambo linalosaidia kuishusha kwenye misuli lakini linafanya iwe vigumu zaidi kuipakia kwenye matamvua.

Vile vifuniko ulivyoviona vikipiga haraka ndiyo juhudi ya kuziba pengo hilo, na juhudi yenyewe ina gharama. Lita moja ya hewa ina mililita 210 hivi za oksijeni, lakini lita moja ya maji yako haifikishi hata mililita 7, na maji ni mazito. Kwa hiyo samaki hulazimika kusukuma mzigo mkubwa ili kupata kidogo, na kila anavyosukuma kwa nguvu ndivyo misuli ya kusukuma inavyokula sehemu ya kile alichokipata.

Kiungo ninachokihurumia zaidi ni moyo. Katika samaki, moyo upo kwenye njia ya damu inayorudi kutoka mwilini kwenda kwenye matamvua, yaani damu ambayo viungo vingine vyote vimekwisha kuinyonya. Samaki wengi hawana mishipa ya pekee ya kulisha misuli ya ndani ya moyo, na misuli hiyo hutegemea mabaki hayo. Joto linapopanda, viungo hunyonya zaidi, mabaki hupungua, na wakati huohuo moyo unatakiwa kupiga haraka kuliko wakati wowote. Mapigo hupanda, hufika mahali hayapandi tena, huanza kuruka, kisha hushuka. Tofauti kati ya oksijeni ambayo mnyama anaihitaji akiwa ametulia na ile ya juu kabisa anayoweza kuifikisha mwilini ndiyo akiba yake ya kuogelea, kula na kukua. Akiba hiyo ikiisha, mnyama anaishi kwa mkopo.

Jambo hili limechunguzwa sana kwa samoni wa mto Fraser nchini Kanada, ambao hupanda mto kwenda kutaga. Katika misimu ambayo maji ya mto hupita nyuzi 18 au 19, wengi hufa njiani bila kutaga, ingawa joto hilo peke yake haliwaui wakiwa wametulia. Wanakufa kwa sababu wanatakiwa kuogelea dhidi ya mkondo huku akiba ikiwa imekwisha. Mwanafiziolojia Hans-Otto Pörtner wa Ujerumani amelijenga wazo hili likawa nadharia pana, kwamba mpaka wa joto kwa wanyama wa majini huwekwa na uwezo wa kufikisha oksijeni mwilini.

Hadubini ya Usiku amejibu:

Namheshimu ndugu Matamvua, na maelezo yake ya moyo ni ya kweli. Ninaposita ni pale nadharia ya oksijeni inapofanywa jibu la wanyama wote. Wadudu hawatumii damu kusafirisha oksijeni. Wana mirija inayopeleka hewa moja kwa moja hadi karibu na kila seli, na hewa ya moto ina oksijeni tele, lakini nao huanguka joto linapofika mahali fulani. Zaidi ya hapo, katika spishi nyingi za samaki, watafiti wanapoyajaza maji oksijeni kupita kiasi cha kawaida, joto la juu analoweza kulistahimili samaki hupanda kidogo sana au halipandi kabisa. Kama oksijeni ndiyo ingekuwa kikwazo pekee, tungetarajia lipande waziwazi.

Mwalimu, umetaja kwamba samaki mmoja alikuwa akilala ubavu na kujiinua. Dalili hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu katika maabara ndiyo hutumika kuamua kwamba samaki amefika kwenye mpaka wake: joto hupandishwa taratibu, na mara anaposhindwa kujiweka wima, namba huandikwa na samaki hurudishwa haraka kwenye maji ya kawaida, ambako mara nyingi hupona. Kushindwa kujiweka wima ni kushindwa kwa neva.

Neva na misuli ya moyo huishi kwa tofauti ya umeme kati ya ndani na nje ya seli, na tofauti hiyo hutokana na ioni, yaani chembe zenye chaji, za sodiamu na potasiamu zilizogawanywa pande mbili za utando. Ili seli iwake, yaani itoe ishara yake ya umeme, mkondo wa sodiamu unaoingia lazima uushinde mkondo wa potasiamu unaotoka. Matti Vornanen wa Finland na wenzake walipopima seli za moyo wa samaki aina ya trauti, waligundua kwamba mikondo hii miwili haiharibiwi na joto kwa pamoja: uvujaji wa potasiamu unaendelea kuongezeka, wakati mkondo wa sodiamu umekwisha kuanza kudhoofika. Inafika hatua ambapo ishara inaletwa lakini seli haiwaki. Hakuna kilichopikwa hapo. Kilichopotea ni ulinganifu kati ya sehemu mbili ambazo kila moja, ukiipima peke yake, bado inafanya kazi. Katika ubongo wa nzi wa matunda wameona jambo linalofanana na hilo: joto likifika kiwango fulani, potasiamu inamwagika nje ya seli, wimbi la ukimya linapita kwenye ubongo, na nzi anaanguka.

Mimi hulitazama hili kwa viroboto wa maji, wale wadogo wanaopitisha mwanga, kwa kuwa moyo wao unaonekana wazi chini ya hadubini. Tone likipashwa polepole, moyo ulio mgongoni huongeza kasi mpaka jicho linashindwa kuufuata, na inabidi kurekodi picha na kuzichezesha taratibu. Baadaye mapigo hupoteza mpangilio, moyo unatetemeka tu bila kujaa wala kutoa, na miguu inayochuja chakula inasimama. Nikilirudisha tone kwenye ubaridi wake mapema, moyo unarudi kwenye mwendo wake. Nikichelewa hata kidogo, haurudi.

Kuhusu ute wa yai, ushauri wangu ni kuuacha. Protini za seli hai hazifanani nao, kwa sababu kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha michakato ya kikemia, kinafanya kazi kwa kujikunja na kujikunjua, na kitu kinachotakiwa kujikunja kwa urahisi hakiwezi kuwa kigumu. Protini nyingi ziko nyuzi chache tu juu ya joto la kawaida la mnyama kabla hazijaanza kulegea, na wala si lazima zote zilegee. Inatosha zile chache zilizo dhaifu zipotoke na kuanza kushikamana na jirani zake. Seli inajua hatari hiyo. Mwaka 1962 Ferruccio Ritossa wa Italia aliona uvimbe mpya kwenye kromosomu za tezi za mate za nzi wa matunda waliokuwa wamepata joto kupita kawaida, na miaka kumi na miwili baadaye ikaonekana kwamba uvimbe ule huambatana na kutengenezwa kwa protini maalumu, ambazo leo tunaziita protini za mshtuko wa joto. Hizi huzishika protini zilizopotoka, huzikunja upya, au huzisindikiza zikavunjwe. Kazi hiyo hutumia nishati nyingi, na wakati inaendelea seli husimamisha utengenezaji wa protini nyingine. Samaki anayekataa chakula kwa siku tano yumo kwenye matengenezo.

Utando wa seli nao una mchango wake. Samaki aliyezoea nyuzi 22 ameujenga utando wake kwa mafuta yanayokuwa laini kwa kiasi kinachofaa kwenye joto hilo. Ukimpeleka kwenye 33 kwa usiku mmoja, utando unalegea kama nta iliyoachwa juani, na unaanza kuvuja.

Nzi Baridi amejibu:

Mwalimu, mimi nijibu sehemu ya baridi, kisha nirudi kwenye ile namba ya 33, kwa sababu kuna jambo halikai sawa.

Chukua nzi wa matunda ndani ya kichupa kikavu, kizamishe kichupa kwenye barafu inayoyeyuka. Baada ya muda mfupi nzi anapunguza mwendo, anayumba, anaanguka chali na kukunja miguu kifuani. Ukimtazama utasema amekufa. Mtoe, umweke mezani, uanze kuhesabu muda: kwanza mguu mmoja unashtuka, kisha mingine, halafu anajaribu kujipindua na kushindwa mara mbili tatu, na hatimaye anasimama akijisafisha mabawa. Kilichomwangusha ni kwamba pampu za ioni kwenye utando wa seli hutumia nishati na hupungua sana kasi katika baridi, huku uvujaji wa ioni ukipungua kwa kiasi kidogo zaidi. Akikaa humo kwa saa nyingi, potasiamu inazidi kwenye majimaji ya mwili, misuli inapoteza umeme wake, na seli zinaanza kufa. Kwa hiyo jibu la swali lako la mwisho ni kwamba baridi na joto huvunja ulinganifu uleule kwa kupitia milango miwili tofauti. Kuganda kwa maji mwilini ni jambo la mbele zaidi, na wadudu wengi wa nchi za joto hufa kwa baridi muda mrefu kabla ya barafu kutokea.

Wapo waliolimudu hata hilo la barafu. Chura wa misituni wa Amerika Kaskazini hugandishwa wakati wa kipupwe, karibu theluthi mbili za maji ya mwili wake zikiwa barafu, moyo umesimama na hapumui. Barafu inapoanza kuota kwenye ngozi, ini lake huvunja glikojeni, yaani akiba yake ya sukari, na kumwaga glukosi kwa wingi kwenye damu, na sukari hiyo huzuia seli zisikauke kupita kiasi wakati barafu inaota nje yake. Kila nikilisoma hili nashangaa upya.

Sasa nirudi kwenye tangi. Mpaka wa joto wa mnyama wa damu baridi hausimami mahali pamoja; husogea kulingana na joto alilolizoea. Kwa samaki dhahabu jambo hili lilipimwa tangu miaka ya 1940, na ilionekana kwamba kila nyuzi tatu anazozizoea hupandisha joto la kumuua kwa takriban nyuzi moja. Aliyezoea nyuzi 22 huwa na mpaka ulio karibu na 35, na aliyepewa wiki kadhaa kuzoea 30 hufikia karibu 38. Katika wiki hizo hubadilisha mafuta ya utando, aina na idadi ya vimeng'enya, hata wingi wa mitokondria, vile vinu vya nishati ndani ya seli. Usiku mmoja hautoshi kwa kazi hiyo.

Namba hizo pia zina sharti la muda ambalo vitabu husahau kulitaja. Hakuna joto linaloua na jingine lililo salama nyuzi moja chini yake. Kwenye sehemu ya juu ya kipimo, nyuzi moja ya ziada inaweza kuukata muda wa kuvumilia kwa nusu au zaidi. Mnyama anayestahimili joto fulani kwa dakika kumi anaweza kufa kwa joto la chini zaidi akikaa nalo saa kumi. Ndiyo sababu napenda kuuliza "nyuzi ngapi na kwa muda gani" kwa pumzi moja.

Wala uwezo wa kuzoea haukugawanywa sawa. Samaki wa bahari ya Antaktika wanaoishi kwenye maji ya takriban nyuzi 1.9 chini ya sifuri hufa maji yakifika nyuzi 5 au 6 juu ya sifuri, na baadhi yao wamepoteza kabisa uwezo wa kuziongeza zile protini za mshtuko wa joto zilizotajwa hapo juu. Miongoni mwa kaa wadogo wa ufukweni, wale wanaostahimili joto kali zaidi ndio waliobakiwa na nafasi ndogo zaidi ya kusogeza mpaka wao. Mnyama anayeonekana shupavu kuliko wote huenda ndiye aliye karibu zaidi na ukingo.

Lakini tazama: samaki wako walikuwa na mpaka wa karibu 35, na maji yalifika 33. Walikuwa katika taabu kubwa, sina shaka, ila vifo vya wawili vinanifanya niulize kama joto lilikuwa peke yake. Ulipima amonia?

Mwalimu Darasani amejibu:

Nawashukuru sana, na maelezo haya nitayafikisha darasani kama yalivyo. Ndugu Nzi Baridi, nilipima asubuhi ileile kabla ya kubadilisha maji: amonia yote ilikuwa miligramu 2 kwa lita, na pH, kipimo cha uasidi wa maji, ilikuwa 8.0. Jioni iliyotangulia wanafunzi walikuwa wamewalisha samaki kupita kawaida kwa kuwa ilikuwa mwisho wa wiki ya masomo. Sikuyahusisha mambo haya mawili.

Mtunza Maji amejibu:

Mwalimu, hapo ndipo penye tatizo. Amonia ndani ya maji huwa na sura mbili, moja yenye chaji ambayo hupita kwenye matamvua kwa shida, na nyingine isiyo na chaji ambayo hupita kwa urahisi na ndiyo yenye sumu kali. Kipimo chako kinazijumlisha zote mbili. Mgawanyo kati yao hutegemea pH na joto: kwa pH ya 8.0, ile yenye sumu ni kama asilimia 4.4 kwenye nyuzi 22, lakini kwenye nyuzi 33 inafika karibu asilimia 9. Bila kuongeza hata tone la uchafu, hita ilizidisha sumu mara mbili; na kwa kuwa samaki walikuwa wameshiba na miili yao inafanya kazi mara mbili ya kawaida, walikuwa wakitoa amonia nyingi zaidi wenyewe. Miligramu 2 zako zinakuwa takriban miligramu 0.18 za amonia yenye sumu kwa lita, kiasi ambacho kinatosha kuyaumiza matamvua ya samaki ambaye tayari anapigania oksijeni.

Mara nyingine, hita ikikwama tena, badilisha robo ya maji kwa maji safi yaliyo baridi kidogo tu kuliko ya tangi, yasiyo na klorini, kisha uyaache yaliyobaki yapoe taratibu. Usimwage barafu. Na usiwalishe kwa siku mbili baada ya tukio.

Kivuli cha Mwamba amejibu:

Nimechelewa kuingia, lakini mjusi wa mwalimu bado hajajibiwa, na yeye ndiye anayenihusu.

Jina la damu baridi limewapotosha wengi. Mwaka 1944 Raymond Cowles na Charles Bogert walichapisha utafiti wao juu ya reptilia wa jangwani nchini Marekani, na walionyesha kwamba mijusi hao hawapokei joto lolote linalowajia. Hutoka juani, huingia kivulini, hugeuza ubavu, huinua tumbo kutoka kwenye mchanga, na kwa njia hiyo huuweka mwili ndani ya nyuzi chache wanazozitaka kwa sehemu kubwa ya mchana. Iguana wa jangwani hupendelea nyuzi 38 hadi 40 hivi. Vimeng'enya vyake vimejengwa kwa joto hilo, vikiwa vigumu kidogo kuliko vya samaki wa maji baridi, na tofauti hiyo mara nyingi ni ndogo mno: kwa samaki aina ya mzia, spishi zinazoishi kwenye maji yaliyotofautiana kwa nyuzi chache tu zina kimeng'enya kimoja cha misuli ambacho kinaweza kutofautiana kati yao kwa asidi amino moja tu, yaani kipande kimoja kati ya vile vinavyojenga protini. Lakini mjusi huyohuyo ukimfunga juani asipate kivuli, atakufa kabla ya saa sita mchana. Joto la nyuzi 40 alilolichagua mwenyewe na la nyuzi 47 asiloweza kulikimbia yametenganishwa na mwendo wa hatua chache kuelekea kwenye jiwe.

Ninachotaka mwanafunzi wako akione ni hicho. Samaki wako hawakuwa na jiwe. Mtoni au ziwani wangeshuka kwenye kina, au wangetafuta mahali chemchemi inapoingilia, na usiku ule wa nyuzi 33 usingekuwepo katika maisha yao. Mayai yako katika hali hiyohiyo ya kufungwa, na ndiyo maana joto huacha alama kubwa hata bila kuua. Madeleine Charnier, akifanya kazi Dakar, aliripoti mwaka 1966 kwamba jinsia ya mjusi aina ya agama hutegemea joto ambalo mayai yalipata, na leo tunajua kwamba kasa wa baharini wako hivyohivyo: mchanga ukiwa na joto zaidi, wanaoanguliwa ni majike. Katika spishi kadhaa za nzi wa matunda, dume hupoteza uwezo wa kuzaa kwa joto lililo chini ya lile linalomuua. Anaruka, anakula, anapandana, na hakuna kizazi. Anayehesabu maiti tu hatayaona hayo.

Nimalizie na ule utando mweupe kwenye mapezi. Huo ni ukungu wa majini, na umepata nafasi kwa sababu mshtuko wa joto humwaga homoni ya kortisoli kwenye damu, nayo hupunguza seli za kinga, huku ute unaoikinga ngozi ukiwa umeharibika. Wengi watakushauri upashe maji ili kuuua, na wengine watakukataza kabisa. Kuna jambo la kuzingatia hapa. Katika miaka ya 1970 Matthew Kluger na wenzake waliwadunga iguana wa jangwani bakteria hai, wakaona kwamba wagonjwa huenda kukaa mahali penye joto zaidi kuliko kawaida yao, na kwamba waliozuiwa kupata joto hilo walikufa kwa wingi zaidi. Ni homa, iliyopatikana kwa kutembea. Baadaye tabia hiyo ilionekana kwa samaki pia, wakiwemo samaki dhahabu.

Kwa hiyo, badala ya kuwaamulia, waachie wachague. Weka hita yenye kidhibiti kipya upande mmoja wa tangi, punguza msukosuko wa maji, na weka kizuizi chenye uwazi katikati, ili upande mmoja ubaki nyuzi 22 na mwingine ufike 25 au 26, amonia ikiwa imekwisha kushuka. Kisha wape wanafunzi daftari, waandike kila nusu saa ni upande gani wamo wale wawili wenye ukungu, na ni upande gani wamo wale wawili wazima.